Siku ya Akiba Mlimani

Nzula hulisha vifaranga kabla jua halijachomoza. Banda lake liko nyuma ya nyumba, Kitengela, upande wa kwenda Isinya. Akimaliza kuwajazia maji, husimama mlangoni na kutazama kaskazini. Asubuhi nyingi haoni kitu, ni vumbi tu na mabati ya majirani. Lakini ziko asubuhi chache, hewa ikiwa safi, ambapo Mlima Kenya hujitokeza mbali, mdogo, wa samawati, kana kwamba haugusi ardhi. Hapo Nzula husahau hata ndoo iliyo mkononi.

Baba yake alikuwa mwashi. Zamani alipanda mlima huo kujenga vibanda vya wageni. Aliporudi alimwambia bintiye, "Huko juu kuna ziwa. Mawingu hushuka kunywa maji, halafu huondoka polepole kama ng'ombe walioshiba." Nzula alikuwa na miaka saba. Sasa ana hamsini na miwili, na mawingu yale bado yanapita kichwani mwake, hata katikati ya mahubiri.

Mwaka jana alijaribu kwenda. Kina mama wa kanisa walipanga safari ya maombi. Walitoka Kitengela alfajiri, wakafika geti la Chogoria, wakaanza kupanda siku hiyo hiyo. Tena walikuwa wamefunga, hawakula wala kunywa. Kufikia saa nane kichwa cha Nzula kilikuwa kinagonga. Alitapika, akateremshwa ameshikwa mikono yote miwili. Ziwa hakuliona.

Mumewe, Mulinge, ni fundi wa kuchomelea mageti. Baada ya siku ile hakutaka kusikia habari za mlima. Nzula alimsihi kwa miezi mitano.

"Sawa, tutaenda," Mulinge alisema mwishowe. "Lakini mara moja tu, na mimi nikiwa hapo. Ukishindwa, hayo maneno ya ziwa tunafunga kabisa."

Nzula alikubali. Alimjua mumewe: akisema neno, amesema.

Kesho yake alivuka barabara kwenda kwa jirani yao, Wanjira. Mama huyo ameongoza wageni mlimani kwa miaka kumi na moja. Alisikiliza kisa chote cha safari ya maombi, kisha akaangua kicheko.

"Mama Mwende, nani aliwadanganya? Mungu hakukataza uji! Mnatoka huku chini, mnapanda mpaka kwa baridi siku moja, na tumbo haina kitu?"

"Mimi nilifikiria mlima imenikataa."

"Mlima haijui hata jina yako. Niambie, vifaranga yako ikitoka kwa joto ya taa ya bruda, unaitoa siku moja?"

"Wee! Itakufa. Napunguza joto kidogo kidogo mpaka izoee."

"Basi wewe ni kifaranga. Huko juu hewa ni nyembamba. Mwili inataka siku za kuzoea."

Jioni Wanjira alikuja na kalenda, wakakaa watatu mezani. Walichagua Februari, kwa sababu mvua huwa chache. Kwanza Nzula na Mulinge wangepimwa presha kliniki. Siku ya kwanza wangesafiri na kulala getini, karibu mita elfu tatu juu. Siku ya pili wangetembea karibu tu, wale, wanywe maji, walale hapo hapo. Siku ya tatu wangepanda hadi Ziwa Ellis, lile alilosimulia baba yake Nzula, na kurudi. Siku ya tano wangerudi nyumbani.

"Umeruka ya nne," Mulinge alisema.

"Hiyo ni ya akiba. Haina kazi."

"Siku haina kazi ni ya nini?"

"Omba usijue," Wanjira alijibu. Kisha akaacha utani. "Kila mtu abebe sweta nzito, koti ya mvua, kofia na maji. Na sheria ni moja. Kichwa ikiuma, unasema. Chakula ikikataa kushuka, unasema. Ukikosa usingizi, unasema. Mwenye kuumwa hapandi tena, na ikizidi anashuka. Mtu akianza kuyumba, ama akose pumzi akiwa amekaa tu, hatungoji asubuhi. Tunashuka saa hiyo hiyo mpaka hospitali. Mficha maradhi, kifo humuumbua."

Mulinge alimgeukia mkewe. "Umesikia?"

"Nimesikia," Nzula alisema.

Februari ikafika. Presha zilikuwa sawa. Binti yao Mwende alibaki na vifaranga, nao wakaenda, Wanjira akiwaongoza. Siku mbili za kwanza Nzula alitembea kama aliye usingizini. Miti ilikuwa na ndevu za kijani. Ukungu ulipita kati ya mianzi bila sauti. Alikula kila alichopewa, na kichwa hakikumuuma.

Siku ya tatu walipanda mwendo wa taratibu. Miti ikaisha, zikabaki nyasi ndefu na baridi. Walipoketi kula, Nzula alimwona Mulinge akitia yai lake mfukoni. Mbele kidogo aliinama kufunga kamba ya kiatu. Baadaye akainama tena, na kamba haikuwa imefunguka.

"Bado nusu saa," Wanjira aliita kutoka mbele. "Ni nyuma ya huo mgongo!"

Nzula alimngoja mumewe. "Baba Mwende, kichwa?"

"Twende."

"Nimekuuliza."

"Kidogo tu. Ilianza asubuhi." Midomo yake ilikuwa mikavu. "Ni nusu saa, mama. Umengoja miaka yote hii. Mwanaume ni kuvumilia."

Nzula aliutazama ule mgongo wa mlima. Wingu lilikuwa linashuka nyuma yake, polepole. Alilitaka ziwa lile kama mtu mwenye kiu. Moyo ulimwambia nusu saa si kitu, na ulisema kwa sauti tamu sana. Kisha akamtazama Mulinge, akaona amefumba macho.

"Wanjira!" aliita. "Tunarudi!"

Aliteremka akilia, na hakujificha. Mulinge alipotaka kuomba msamaha, Nzula alimwambia atunze pumzi.

Getini Mulinge alikunywa maji na uji, akalala. Kabla ya giza kichwa kiliacha kuuma. Asubuhi alikula mayai mawili, na safari hii yalikwenda tumboni.

"Umelala?" Wanjira alimuuliza. "Kichwa? Tumbo? Sema ukweli."

"Hakuna kitu inauma. Kweli."

"Basi leo ni ile siku haina kazi. Tutaenda kama konokono. Ikirudi hata kidogo, tunashuka."

Haikurudi. Karibu saa sita waliupita ule mgongo, na ziwa likawa hapo, kubwa, kimya, na mawingu yamelala juu yake. Nzula alisahau sala aliyokuwa ameitayarisha. Aliketi tu kwenye nyasi, machozi yakimtiririka. Mulinge akaketi kando yake.

"Kichwa?" Nzula aliuliza, akijifuta uso.

"Iko sawa." Mulinge aling'oa jani la nyasi. "Lakini goti ya kushoto inauma."

"Tangu leo?"

"Tangu Pasaka ya mwaka juzi. Na macho, nikichomelea, siku hizi naona kama kuna ukungu. Na hapo pa kushuka..." Aliitazama njia waliyopandia. "Hapo naogopa."

Walikuwa wameoana miaka ishirini na minane. Nzula hakuwa amewahi kusikia kinywa hicho kikisema naogopa. Wingu lilianza kuinuka kutoka majini, lile hasa alilolingoja tangu utotoni. Nzula akaligeuzia ziwa mgongo, akamwelekea mumewe.

"Anza na goti," alisema. "Niambie yote."