Viungo vya Mnara wa Tangi

Kila akitoka shule, binti wa fundi vyuma alivua sare, akavaa ovaroli iliyokunjwa miguuni mara tatu, akaenda karakana kumsaidia baba yake kuona. Miaka mingi ya kuchomelea ilikuwa imeyala macho ya baba. Vya mbali aliviona, vya karibu vilikuwa ukungu. Basi kila alipomaliza kiungo aliinua kinga ya uso na kuuliza, "Vipi?" Binti alikisugua kwa brashi, akakikodolea macho kama anayetafuta chawa, kisha akajibu "kizima" au "kina vitobo". Mafundi wa jirani walimwita Darubini.

Karakanani kulikuwa na waya za kuchomelea za aina mbili. Moja ilikuwa chuma kitupu. Ukiitumia lazima ufungue mtungi wa gesi, na gesi hiyo hukinga chuma kilichoyeyuka kisiingiwe na hewa. Kazi yake ni safi na moshi wake ni mdogo, ila upepo ukipeperusha gesi, kiungo hujaa vitobo. Ya pili ilikuwa na unga ndani, kama mrija uliojazwa. Unga ukiungua hujitengenezea kinga yake, hivyo upepo hauisumbui sana. Lakini huacha ganda la kugongwa kwa nyundo, na moshi wake ni mzito.

Moshi huo ndio uliokuwa unammaliza baba. Mwezi uliopita alikohoa mpaka akatema damu. Daktari alimwambia waziwazi kwamba asipokaa mbali nao, watoto wake watabaki peke yao. Mama yao alikwishafariki. Binti alikuwa amesimama mlangoni, na neno lile halikumtoka tena.

Jumamosi walikwenda kujenga mnara wa tangi la maji katika shule anayosoma binti. Uwanja ulikuwa wazi, hauna hata mti. Jirani yao Bonge, fundi mwenye tumbo na maneno, alikuwa amemsihi baba achukue waya ya unga. Baba alijibu kwamba atafunga turubai upande wa upepo.

"Turubai litauzuia upepo au litaondoka nao?" Bonge aliuliza. Mafundi wakacheka. Baba hakucheka. Alipakia mtungi wa gesi.

Asubuhi kazi ilikwenda vizuri. Mchana upepo uligeuka, ukaanza kuingia kwa nyuma, upande usio na turubai. Baba alikuwa amepiga magoti kwenye mguu wa mwisho wa mnara, akiunga chuma cha chini.

"Vipi? Mbona naisikia waya inatematema?"

Binti alisugua, akatazama. Vitobo vilijaa kama kwenye sifongo. Alijua akisema, baba atakwenda kuchukua ile waya nyingine na kuuvuta moshi wake mpaka jioni. Akilini alimwona tena akiinamia beseni na kutema damu.

"Kizima, baba."

Kiungo cha pili nacho kikawa hivyo hivyo, na jibu likawa lile lile. Kisha akachukua brashi ya rangi, akavipaka vyote viwili haraka, mara mbili.

Jumatatu mpira wa maji ulipandishwa juu ya tangi. Binti alikuwa darasani, lakini daftari lake lilikuwa tupu. Kupitia dirishani alimwona mama wa usafi, ambaye wanafunzi walimwita Bibi Ndoo, akipanga ndoo chini ya mnara na watoto wa darasa la kwanza wakimzunguka. Binti akasimama bila ruhusa.

"Mwalimu, ule mnara utaanguka. Najua mimi."

Mwalimu alimtazama usoni, hakuuliza zaidi, akatoka mbio. Watoto waliondolewa. Bibi Ndoo naye aliondoka, kisha akakumbuka kwamba maji bado yanaingia, akarudi kufunga koki. Mguu wa mnara ulikatika palepale kwenye rangi mpya. Tangi lilipasukia ukutani, na chuma kimoja kikamwangukia Bibi Ndoo mguuni.

Baba alipofika alipapasa chuma kilichovunjika kwa kidole, akavihisi vitobo. Binti alimweleza kila kitu. Baba alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akaenda kwa mwalimu mkuu na kumwambia kwamba waya aliichagua yeye, akijua upepo upo.

Wiki hiyo mnara ulijengwa upya. Bonge ndiye aliyechomelea, kwa waya ya unga, akiwa amevaa kinyago cha kuchuja moshi. Baba alikaa mbali, upande upepo unakotoka, akielekeza. Kabla ya kutia maji waliupakia mifuko ya mchanga siku mbili nzima. Haukutikisika.

Kisha baba akampeleka binti hospitali. Bibi Ndoo alikuwa amekatwa mguu chini ya goti. Binti alipiga magoti kando ya kitanda, akasema aliyoyaficha. Bibi Ndoo alitazama mahali ambapo shuka lilikuwa limelala bapa.

"Ulimwonea baba yako huruma?"

"Ndiyo, bibi."

"Na mimi ninao watoto wanaonionea huruma. Wanne. Nimesikia, mwanangu. Sasa nenda."

Walipotoka, baba aliketi kwenye benchi la nje na kumkalisha binti karibu.

"Ungesema kina vitobo, ningekasirika," alisema. "Lakini pengine tungefunga kazi tukangoja siku iliyotulia. Pengine ningemwita Bonge. Njia zilikuwa nyingi, mwanangu. Mimi nilificha ugonjwa wangu kwa mafundi wenzangu, wewe ukanificha kiungo, na njia zile zote zikafungwa, ikabaki hii moja tu. Ukimpenda mtu mwambie ukweli mapema, wakati bado kuna la kufanya. Ukichelewa, mwingine kabisa ndiye anayeumia."

Binti aligeuka kutazama dirishani. Mle ndani, muuguzi alikuwa anamfundisha Bibi Ndoo kushika magongo.