Ngozi ya Boina Msimu wa Kusi

Boina alikuwa fundi wa kofia. Alizaliwa Itsandra, karibu na Moroni, kisiwani Ngazidja, pwani kwenye joto. Alipomwoa Moinaidi, alihamia kisiwa cha mkewe, kijijini Patsy, mlimani juu ya Mutsamudu. Ndiyo desturi ya Komoro: nyumba ni ya mwanamke, mume huja na sanduku lake.

Walipendana sana. Jioni Boina alidarizi kofia, na Moinaidi alikuna nazi karibu naye. Moinaidi aliigiza lafudhi ya mumewe ya Ngazidja. Boina naye alimtania kwamba mchuzi wake una chumvi kama bahari. Lakini sahani aliimaliza.

Kisha likaja kusi lao la kwanza. Huko Patsy msimu huo ni baridi, na hewa ni kavu. Boina hakuizoea. Kila asubuhi alioga maji ya moto sana, tena kwa muda mrefu.

Ngozi yake ikaanza kupauka, kisha kuwasha. Boina alidhani ni uchafu. Akajisugua kwa jiwe na sabuni ya kufulia. Kadiri alivyojisugua, ndivyo alivyozidi kuwashwa. Ngozi ikapasuka na kutoa damu. Mwishowe akajipaka mafuta ya taa. Yalimchoma mpaka machozi yakamtoka.

"Huu ni upele," alijiambia. "Nitamwambukiza mke wangu."

Aliona haya, hakumwambia mtu. Akaanza kuvaa mashati ya mikono mirefu. Akahamishia mkeka wake chumba cha mbele.

"Mbona unalala huku, Fundi?" Moinaidi aliuliza.

"Nina kazi nyingi. Sitaki taa ikusumbue."

Lakini taa haikuwashwa. Moinaidi aliliona giza lile, akaumia.

"Mume akihama kitanda, moyo umetangulia," alisema mama yake, Kalathoumi, aliyeishi nao.

"Usiseme hivyo, mama," Moinaidi alijibu. Hata hivyo, maneno yale yalimkaa moyoni.

Siku moja mume na mke waliteremka Mutsamudu kupeleka kofia kwa mfanyabiashara. Ilikuwa miaka ile ya askari wa kukodiwa, Wazungu waliolipwa kuilinda serikali. Njiani gari lao lilisimamishwa kwenye kizuizi. Abiria wote wakashushwa.

Boina alikuwa anawashwa mno. Mkono wake ukaingia ndani ya shati, akajikuna.

Mzungu mwenye bunduki akapiga kelele kwa Kifaransa. Askari Mkomoro aliyekuwa naye akasema, "Anauliza umeficha nini humo. Vua shati!"

"Sikuficha kitu, bwana."

"Vua!"

Boina akavua. Hakukuwa na silaha. Palikuwa na mgongo uliopauka kama majivu, wenye mikwaruzo na nyufa. Mzungu akarudi nyuma. Akawaashiria waende zao upesi.

Abiria waliinamisha macho. Moinaidi akaliokota shati, akamfunika mumewe polepole.

"Hiki ndicho ulichonificha?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Ni upele. Sikutaka ukupate."

"Nami nilidhani umenichoka!"

"Nikuchoke wewe? Usiku nilikuwa nasikiliza unavyokohoa chumbani, nikatamani kuja."

Moinaidi alimshika mkono. Boina akataka kuutoa, lakini mkewe hakuuachia mpaka mjini.

Walipofika, walikwenda moja kwa moja hospitalini. Zaharia, binamu yake Moinaidi, alikuwa muuguzi huko. Alimtazama Boina katikati ya vidole, kwenye viganja na mgongoni.

"Moinaidi, nawe unawashwa? Na mama je?"

"Hapana, sote hatuwashwi."

"Shemeji, huu si upele," Zaharia alisema. "Upele hupenda katikati ya vidole, na huenea kwa watu wa nyumba moja. Yako ni ngozi kavu. Haiambukizi."

Boina alishusha pumzi. "Sasa imekaukaje, nami naoga sana?"

"Ndiyo sababu! Ngozi ina mafuta yake. Hewa ya kusi huyapunguza. Maji ya moto sana na sabuni kali huyaondoa kabisa. Jiwe nalo huichubua ngozi yenyewe. Ulijipaka nini?"

"Mafuta ya taa."

"Hayo ni ya taa, shemeji. Wewe si taa."

Moinaidi akacheka. Boina naye akacheka, mara ya kwanza baada ya muda mrefu.

"Oga maji ya uvuguvugu, usikae sana," Zaharia aliendelea. "Tumia sabuni laini ya kuogea, kidogo tu. Acha jiwe. Jipanguse taratibu, usijisugue. Kisha ngozi ikiwa bado na unyevu, paka mafuta ya mgando yasiyo na manukato. Hayo huzuia maji yasitoke ndani ya ngozi. Ukiyakosa, tumia mafuta safi ya nazi. Rudia kabla ya kulala."

"Na blanketi la sufu?" Moinaidi aliuliza. "Baridi ni kali."

"Tandikeni shuka la pamba, blanketi liwe juu yake. Sufu ikigusa ngozi, huwasha. Kata kucha, shemeji, usijichubue. Ukiona usaha, au homa, au usipopata nafuu, rudi kwangu. Usikae nayo kimya tena."

Waliyafuata yote. Muwasho ulipungua kwanza, kisha nyufa zikafunga. Vidole vya Boina vikalainika. Uzi wa hariri haukunasa tena kwenye ngozi kavu, na kofia zake zikatoka safi. Kalathoumi alipoona hivyo, akaanza kupaka mafuta visigino vyake vilivyopasuka. Hakusema neno tena kuhusu mioyo inayohama.

Mkeka ulirudi chumbani.

Kusi lililofuata, Boina alikaa kwenye kigoda baada ya kuoga. Moinaidi alikuwa akimpaka mafuta mgongoni.

"Mwaka jana nilihangaika sana," Boina alisema. "Hapo katikati mkono wangu ulikuwa haufiki."

"Mgongo mtu hajipaki mwenyewe," Moinaidi alijibu. "Unadhani watu huoana kwa nini? Inama kidogo."

Boina akainama.