Waliniweka Ndani Kama Vampaya

Nilikuwa nimepakwa singo, ule msuguo wa manukato wa bibi harusi, kuanzia usoni hadi vidoleni nilipomwona simuni mchumba wangu akimvisha pete rafiki yangu...

Live! Mbele ya watu! Na watu wanapiga makofi!

Simu ikaniponyoka, ikaangukia kwenye bakuli la singo.

Naitwa Asmahan. Haidari wangu ni mchoraji, na mimi ndiye ninayemtungia vichekesho. Tuna kitabu cha katuni kuhusu vampaya wa Unguja anayeishi hapa Birmingham na anaogopa damu. Vampaya haingii nyumba ya mtu mpaka akaribishwe, si ndiyo? Sasa huyu wetu anapiga hodi tu, na Waswahili tulivyo, tunaitikia "karibu!" tukiwa jikoni, hata hatujui nani yuko mlangoni. Kitabu cha kwanza watu walicheka mpaka basi.

Siku ile cha pili kilikuwa kinazinduliwa Digbeth, mtaa wa hapa hapa Birmingham.

Mimi sikwenda. Harusi ilikuwa inakaribia, na shangazi yangu Bi Mwanamize, aliyenilea, alishikilia niwekwe ndani kama bibi harusi wa Kizanzibari.

"Shangazi, hii Northfield, Birmingham, siyo Ng'ambo ya Unguja!"

"Mila haiombi visa. Kaa ndani."

Basi nikakaa. Mapazia yamefungwa, jua silioni. Vampaya nikawa mimi, jamani! Mireille, shoga yangu Mkongo, nikamtuma kwa mdomo wangu mwenyewe akakae na Haidari kwenye meza ya vitabu badala yangu.

Basi nilipowaona simuni nikajipa moyo... labda ni igizo la kitabuni. Lakini kitabuni bibi harusi anamkataa vampaya na kumrushia vitunguu thaumu! Nimeandika mimi hiyo! Mireille hakurusha kitu. Alikuwa analia kwa furaha.

Nikavuta abaya, huyo, mbio stesheni! Kwenye treni watu walinihama. Naingia ukumbini Digbeth, singo imekauka, inabanduka usoni vipande vipande.

"Sick costume, sis!" kijana mmoja akapaza sauti, akidhani nimejipamba kama vampaya.

Wakanipigia makofi na mimi!

Haidari aliponiona akainamisha kichwa.

"Haidari, niambie ni igizo. Sema tu ni igizo, nami nitarudi nyumbani."

"Asma... siyo igizo."

Wallahi! Nilimpenda yule mtu, nilimpenda kijinga.

Mireille akanijia mbio.

"Asma, pardon! Alinambia mulishaachana! Alisema tante yako anajua yote!"

"Shangazi yangu?!"

"Nilimwambia kabla hujawekwa ndani," Haidari akasema. "Kwamba sitaweza kukuoa. Akaniomba nimwachie yeye, atakwambia mwenyewe."

Sikumbuki nilifikaje nyumbani. Nilimkuta Bi Mwanamize jikoni, anakoroga singo nyingine.

"Shangazi, unanipaka singo ya harusi ya nani?"

Mkono wake ukasimama.

"Nilidhani atabadili mawazo, mwanangu. Nilimwomba Mungu kila siku ambadilishe. Nikasema ukiwa ndani hutosikia maneno ya watu."

"Na kama asingebadilika?"

"Sikujua nikwambie vipi."

Akalia. Nami nikalia. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu, sikumkumbatia.

Haidari nitamsahau, wanaume hawaishi. Mireille amerudisha pete, ananipigia simu kila siku, ipo siku nitapokea. Lakini huyu mama aliyenilea tunaishi naye nyumba moja, asubuhi ananiwekea chai mezani, nami sijui nimwangalie usoni vipi.

Ndugu zangu mnaosoma, mpendwa wako akiwa na msiba, mpe habari zake hata kama zinakukaba koo. Ukimficha, msiba haumwepuki, unamfikia mbele za watu.

Bibi harusi nilikuwa mimi. Wa mwisho kujua kwamba harusi haipo, pia mimi.