Kiberiti cha Immakulata

Kila asubuhi Immakulata alipita mbele ya duka la Kanubhai hapo Kanazi, na kila asubuhi Sushila, binti wa mwenye duka, alimuuliza amebeba nini. Ilikuwa mwaka 1951, wakati wa Mwingereza, na Karugendo, dresa aliyetibu watu zahanatini, alikuwa akizunguka shuleni kupima minyoo. Mwalimu alipotangaza kwamba kila mwanafunzi alete choo chake ndani ya kiberiti kitupu, Immakulata alitamani ardhi ipasuke immeze.

Binti huyu alijivunia usafi kupita kiasi. Hakuweza kukubali mtu mzima achungulie choo chake kwa hadubini. Kesho yake akachota cha mdogo wake Yoeli, wa miaka minne, aliyekuwa amejisaidia nyuma ya migomba. Kisha akazunguka njia ya kwenye mibuni ili asionane na Sushila.

Majibu yalitoka Ijumaa. Jina la Immakulata lilisomwa la kwanza: ana minyoo ya safura, tena mingi. Wenzake walicheka. Karugendo aliwanyamazisha, akaeleza kwamba minyoo hiyo huingia kwa nyayo za anayetembea peku penye uchafu, kisha hunyonya damu kidogo kidogo. Mtu huanza kuchoka, midomo hupauka, wengine hula udongo. Ikigunduliwa mapema hutibika upesi.

Hapo Immakulata alikumbuka choo kile kilikuwa cha nani. Yoeli alikuwa akila udongo tangu mavuno ya kahawa, na mama alimwita mvivu kwa kulala mchana kutwa.

Dresa alimpima Immakulata kwenye mizani, akampa vidonge vitatu ameze kesho asubuhi kabla ya kula. Jioni ile hakutulia. Alimwaga maji, akaunguza ndizi, akagombezwa mara mbili. Alikwisha kuamua kumpa Yoeli vidonge hivyo kimyakimya, mambo yaishe bila aibu.

Jumamosi asubuhi alimwita nyuma ya jiko. Yoeli alifumbua mdomo bila kuuliza kitu. Immakulata akakumbuka mizani. Josia, mwenye mwili mkubwa kuliko wote darasani, alipewa vidonge vinne, naye vitatu. Je, huyu aliye mwepesi kuliko mkungu wa ndizi? Akavifumbata vidonge. Alimbeba mdogo wake mgongoni, akakimbilia shuleni kabla dresa hajaondoka kwenda Muleba.

"Leo umebeba nini?" Sushila aliuliza.

"Mgonjwa," alijibu, akapita.

Karugendo alikuwa akifunga sanduku lake mbele ya mwalimu na wanafunzi kadhaa. Immakulata alitaka kumvuta pembeni, lakini pumzi zilikuwa zimemwishia, akasema palepale kwa heshima.

"Waitu, bwana dresa, kile choo hakikuwa changu. Kilikuwa cha huyu."

Safari hii hakuna aliyecheka. Karugendo alishusha kope ya chini ya jicho la Yoeli, akaona jinsi ndani palivyokuwa peupe. Akaomba vile vidonge, akavihesabu.

"Ungempa vyote hivi, vingeweza kumuua," alisema taratibu.

Immakulata alilia kwa sauti. Dresa alimpima Yoeli kwa mizani, akampa dawa inayolingana na uzito wake, na ya kuongeza damu. Kisha akamwambia Immakulata akae.

"Mwanangu, kupima ni kutafuta ugonjwa kabla haujakua. Nikiletewa uongo, nitamtibu asiyeumwa na kumwacha anayeumwa. Aibu ya kiberiti ni ya siku moja. Mdogo wako ungemkosa siku zote." Akampa kiberiti kingine kitupu. "Jumatatu nitapita tena. Niletee chako."

Jumatatu Immakulata alipita njia kubwa, kiberiti mkononi. Yoeli alikuwa ameamka mapema siku hiyo akidai chakula. Sushila alikuwa barazani kama kawaida, akauliza lile swali lake.

"Choo changu," Immakulata alisema. "Nakwenda kupimwa minyoo, ile inayoingia kwa miguu mitupu."

Sushila hakucheka. Aliangalia miguu yake mwenyewe, nayo haikuwa na viatu, kisha akauliza kama dresa anapima na watoto wa dukani.