Karatasi Ndani ya Ukuta

Kila alfajiri, kabla kuku wa mtaa wa Langoni, Lamu, hawajaanza kuparua vichochoroni, Alawiya aliamshwa na mlio wa kapi la kisima. Baba yake wa kambo, Muhdhar, alikuwa ameshaanza kazi. Alivuta maji, akajaza viriba vyake vya ngozi, akavifunga juu ya punda, kisha akashika njia ya mtaa wa Mkomani kujaza mabirika ya misikiti. Wakubwa wa mji walitawadha kwa maji yake mara tano kwa siku, lakini ungewaambia waketi naye kwenye daka moja la mlangoni, kila mmoja angekumbuka kwamba ana shughuli nyumbani.

Muhdhar alikuwa Mshihiri, mtu aliyetoka Shihiri, pwani ya Bara Arabu. Alikuwa mpole na mchache wa maneno. Alawiya, aliyekuwa na miaka kumi na mmoja, alimwita Ami, na hilo alilisema kwa shida. Baba yake mzazi alikuwa fundi wa kuchonga milango, na alipofariki, mamake, Bi Shifaa, alikwenda kukaa eda kwa shangazi yake kisiwani Kiwayu. Eda ilipokwisha, Muhdhar akafika huko kuchimba kisima. Akaposa, akakubaliwa, akaozeshwa na mwalimu wa kijiji mbele ya wavuvi wawili. Kisha wote watatu wakarudi Lamu.

Chuoni kwa Bi Mwanamkisi, ambako Alawiya alisoma Kurani, wasichana hawakumwacha salama. Aliyezidi wote alikuwa Ummu, mtoto wa nyumba kubwa ya Mkomani.

"Alawiya," alimwambia siku moja, "babako ndiye atiaye maji ya watu kuoshea miguu?"

"Si babangu," Alawiya akajibu. "Ni mume wa mama."

Wasichana wakacheka, naye akainamia ubao wake wa kuandikia mpaka herufi zikamchezea machoni. Siku hiyo alimchukia Muhdhar kwa moyo wake wote, ingawa mtu yule hakumkosea lolote.

Hayo yalikuwa miaka miwili kabla ya vile vita vikubwa vya Wazungu. Mgeni aliyeshuka Lamu kutoka ng'ambo alipewa cheti cha mwaka mmoja. Mwaka ukiisha, ama apande chombo arudi kwao, ama aonyeshe kwamba ameoa na ana nyumba hapa, ndipo aandikwe katika daftari la wakaazi, asisumbuliwe tena. Cheti cha Muhdhar kilikuwa kimebakiza siku kumi na nne.

Asubuhi moja Bi Shifaa alimwita bintiye. Alikuwa na mimba ya miezi sita, na desturi haikumruhusu mwanamke wa mjini kutembea mchana hovyo. Muhdhar naye asingeweza kukiacha kisima kabla ya adhuhuri, na ofisi ilifungwa saa hiyo hiyo. Alawiya alikuwa bado mdogo, hajafikia umri wa wasichana kuwekwa ndani, kwa hiyo ndiye aliyebaki wa kutumwa.

"Chukua hii," mamake alisema, akimpa karatasi iliyofungwa katika kitambaa cheupe. "Ni karatasi ya ndoa yetu, aliyoiandika mwalimu wa Kiwayu. Haina ya pili yake. Mpe Bwana Mselem, karani wa ofisi ya serikali, umwambie amwandike amiyo daftarini. Usisimame ndiani."

Alawiya akasimama njiani. Alimkuta Ummu kwenye baraza ya kwao, akaulizwa amebeba nini, akasema ni barua ya mama.

"Ami yangu asema Washihiri ambao mwaka wao umekwisha watarudishwa kwao," Ummu akasema, akichezea ushanga wake. "Asiye na karatasi hupandishwa meli. Mtapumzika nanyi."

Neno lile lilimwingia Alawiya, likakaa. Aliachana na Ummu, lakini badala ya kushuka pwani ofisini akapinda kichochoro cha chuoni. Ilikuwa siku ya mapumziko ya chuo, hapakuwa na mtu. Akaifungua karatasi, akataka kuichana na kuitupa mferejini. Juu kabisa, kwa wino mweusi, palikuwa pameandikwa Bismillahi.

Hakuichana. Bi Mwanamkisi aliwafundisha tangu wakiwa na miaka mitano: karatasi yenye jina la Mungu haitupwi, haikanyagwi, haichomwi ovyo. Ikichakaa hutiwa mahali pa heshima. Pale chuoni palikuwa na tundu ukutani, juu ya daka la mlango, ambamo kurasa kuukuu zilihifadhiwa. Alawiya akaibusu karatasi, akaigusisha kwenye paji la uso kama alivyofundishwa, akaisukuma tunduni. Moyo ukamtulia. Alijiona amejiepusha na dhambi.

"Umempa mwenyewe?" mamake akamwuliza aliporudi.

"Nimempa. Amesema tungoje, atatuita."

Uongo wa kwanza ni mwepesi, hauna hata jasho. Bi Shifaa akashukuru Mungu, na Muhdhar aliposikia habari ile jioni akamwambia Alawiya, "Umenifaa, mwanangu." Alawiya hakumtazama.

Siku kumi na nne zikapita, kisha nyingine. Kwa kuwa waliamini karatasi iko ofisini na wataitwa, hakuna aliyekwenda kuuliza. Wiki moja Muhdhar aliona kwamba ubao wa Alawiya umepasuka. Alitafuta kipande cha mti mzuri, akakipiga randa kila baada ya kazi kwa siku tano, akakisugua mpaka kikawa laini, akakiweka karibu na mto wa Alawiya. Alawiya alipoamka akaukuta ubao mpya, alilia, na mamake akadhani ni furaha.

Siku ile alikimbia chuoni kabla ya wenzake. Akatia vidole tunduni, karatasi akaigusa ncha tu. Akachukua kijiti aivute. Kijiti kikaisukuma, ikateleza, akaisikia ikishuka ndani ya ukuta. Alitia mkono mpaka kiwiko kikachubuka, hakugusa kitu.

Angeweza kusema hapo. Bado palikuwa na nafasi. Lakini aliogopa sura ya mamake, akajiambia kwamba pengine serikali imesahau. Na serikali, jamani, husahau mengi, ila si jina la mtu mnyonge.

Siku ya ishirini na sita baada ya mwaka wa Muhdhar kwisha, askari wawili walimfuata kisimani. Alikuwa na kiriba begani. Walimwambia cheti chake kimekwisha na amekaa kinyume cha amri. Akajibu kwamba ameoa na karatasi iko ofisini. Wakampeleka ngomeni, wakamfungia humo angojee meli ya Alhamisi. Punda alirudi nyumbani peke yake, na hivyo ndivyo Bi Shifaa alivyojua kuna jambo.

Siku ya pili alijifunika, akaenda ofisini mchana kweupe na mimba yake ya miezi saba, huku watu wakimtazama. Alawiya alimfuata nyuma. Bwana Mselem alikuwa mtu wa makamo, si mbaya, ila amechoka kusikia hadithi.

"Bi," alisema, "kila ifikapo siku ya meli, kila mgeni ana mke. Wengine wana wake hata majina yao hawayajui. Nionyeshe karatasi."

"Karatasi unayo wewe, Bwana. Mwanangu alikuletea kwa mkono wake."

"Sikuletewa kitu."

"Uliletewa, ukaipoteza," Bi Shifaa akasema, na sauti yake ikapanda mpaka wapita njia wakasimama. "Mwanangu hasemi uongo. Nimemlea mimi. Kama kuna mwongo hapa, si yeye."

Karani alimtazama Alawiya. "Ni kweli, binti? Ulinipa mimi?"

Alawiya alitazama chini. "Nilikupa," akasema.

Bwana Mselem akafunga daftari. Aliwaambia kwamba kama mashahidi wangepatikana angewasikiliza, lakini Kiwayu kwenda na kurudi si safari ya siku mbili. Njiani Bi Shifaa alishika kuta za nyumba ili asianguke, na usiku kucha hakula wala hakulala. Alawiya alilala kando yake, akimsikia akiomba Mungu amlipe yule karani dhalimu. Kila dua ilimchoma, maana alijua inakwenda kwa asiye na kosa.

Alhamisi asubuhi meli ililia mara moja. Alawiya aliruka kitandani, akakimbia mpaka chuoni, akaanguka miguuni pa Bi Mwanamkisi. Alisema yote bila kuficha, tangu Ummu mpaka kijiti.

Mwalimu yule alikuwa mkali, na wanafunzi walizoea kusikia sauti yake mtaa wa pili. Safari hii hakuipaza.

"Kwa nini hukuichana?" aliuliza.

"Niliogopa, Mwalimu. Ilikuwa na jina la Mungu."

"Karatasi uliogopa kuikanyaga," Bi Mwanamkisi akasema taratibu. "Mtu hukuogopa. Basi mimi sikukufundisha kitu."

Alimwita fundi wa jirani avunje ukuta wake mwenyewe. Fundi akagonga jiwe kwa patasi, kidogo kidogo, kwa kuwa ukuta ule ulikuwa wa zamani na ungeweza kuporomoka. Kurasa kuukuu zilitoka kwanza, kisha vumbi, kisha udongo wa mchwa. Meli ikalia mara ya pili. Karatasi ya Kiwayu ilipatikana chini kabisa, mchwa wameanza kula pembe yake, lakini majina yote yanasomeka.

Walikimbia. Bi Mwanamkisi, ambaye kwa miaka mingi hakuonekana akikimbia, alikimbia. Bwana Mselem aliisoma karatasi akiwa amesimama, akatoka mpaka gatini bila kuvaa viatu. Meli ilikuwa imeshang'oa nanga. Moshi wake ulionekana juu ya mikoko ya Manda, na Muhdhar alikuwa ndani.

Alawiya aliketi juu ya mawe ya gati akalia kama aliyefiwa. Hakuna aliyemwambia anyamaze. Karani akasema ataandika barua ifuate kwa meli ya mwezi ujao, na mtu huyo akirudi atapokelewa. Kisha akamwendea Bi Shifaa, aliyekuwa ameshafika na kusimuliwa yote, akamwambia hana kinyongo naye.

Bi Shifaa akamwomba radhi karani mbele ya watu wale wale waliosikia akimwita mwongo. Bintiye hakumpiga wala hakumlaani. Alimtazama tu, na Alawiya angechagua fimbo mia kuliko mtazamo ule.

Miezi miwili baadaye Bi Shifaa alijifungua mtoto wa kiume kwa taabu kubwa. Baba ndiye humwadhinia mwanawe sikioni anapozaliwa. Adhana ya mtoto huyu iliadhiniwa na jirani, mzee mwenye kikohozi, akikatiza kila neno. Wakamwita Shekhan. Huko Mkomani mabirika yaliota ukungu wa kijani, watu wakalalamika, na wengine ndipo walipouliza, "Kwani yule Mshihiri amekwenda wapi?"

Barua ilichukua muda kufika, na jibu likachukua muda zaidi. Miezi tisa ilipita kabla Muhdhar hajashuka tena Lamu, amekonda, ndevu zimeingia mvi. Alipofika nyumbani alinyoosha mikono ampokee mwanawe. Shekhan alimtazama mgeni yule, akageuza uso, akapiga kelele za hofu mpaka akarudishwa kwa mama. Muhdhar akashusha mikono yake taratibu, akaketi.

Alawiya alipiga magoti mbele yake. "Nisamehe, Ami."

"Nilikusamehe nikiwa Shihiri," Muhdhar alisema. "Lakini nisikilize, mwanangu, maana msamaha haurudishi siku. Ulitaka niondoke mimi peke yangu. Uongo haukunichukua mimi tu. Umechukua usingizi wa mamako, na adhana niliyokuwa nimwadhinie mwanangu, na heshima ya karani wa watu. Ukiachilia uongo, huuchagulii wa kumdhuru. Na ukweli ukichelewa hufika, lakini hukuta meli imeshaondoka. Useme mapema, hata ukitetemeka."

Kisha akatoa sandukuni karatasi ya ndoa, iliyoliwa pembe, akaifunga katika kitambaa cheupe.

"Bwana Mselem aingoja yeo hii, kabla ofisi haijafungwa, aniandike daftarini. Mpelekee."

"Muhdhar," Bi Shifaa akasema, "nenda mwenyewe."

"Ataipeleka yeye."

Alawiya aliichukua kwa mikono miwili. Alipita barazani kwa kina Ummu, akaitwa, hakusimama. Alipita kichochoro cha chuoni, ambako kiraka cha chokaa mpya kilionekana wazi ukutani, akashuka pwani. Bwana Mselem aliandika jina la Muhdhar katika daftari la wakaazi, akampa cheti chenye muhuri kisicho na tarehe ya kwisha.

"Umempa mwenyewe?" mamake akauliza aliporudi.

"Nimempa, Mama."

Bi Shifaa alimpa Muhdhar mtoto amshike, ingawa analia, akanyoosha mkono auone muhuri kwa macho yake. Zamani neno la bintiye lingemtosha. Alawiya aliliona hilo, akaelewa, akampa cheti.