Mchanga Uliochotwa Karibu

Kila asubuhi, chai ikiwa bado inafuka moshi, Bibi alichutama kando ya kijito na karai lake. Alitia mchanga, akachota maji, akalizungusha taratibu kama anayembembeleza mtoto mtundu. Mchanga ulimwagika na maji. Dhahabu, kwa kuwa ni nzito, ilibaki chini. Ikiwepo, lakini.

Miaka hiyo hakuna aliyejua dhahabu ya milima ile imelala wapi. Baba na Baba Mdogo, wana wa Bibi, waliitafuta korongo kwa korongo. Mchanga ulichotwa, Bibi akauosha, na palipoonyesha chembe nyingi ndipo walipochimba. Aliyetumwa kuchota ni binti wa Baba, mwenye miaka kumi na miwili. Walimwita Chiriku, maana mdomo wake haukujua likizo.

Siku moja alitumwa kwenye jabali jekundu, juu kabisa. Alipanda hadi nusu ya njia, akakaa kivulini, akala kiporo chake chote. Kisha akarudi kwa kunyata na kujaza mfuko nyuma ya kambi yao. “Mchanga ni mchanga,” alijiambia.

Alisahau kwamba hapo ndipo Bibi alipokuwa akimwaga mchanga aliokwisha kuuosha. Na macho ya Bibi, kwa uzee, yaliponyokwa na chembe nyingi.

Jioni Bibi alipouosha mchanga wa mfuko ule, karai lilimetameta. Baba Mdogo aliruka kama aliyekalia siafu. “Kaka, tumeipata!”

Kulipokucha, wanaume hao wawili wakabeba sururu zao wakaenda kuchimba chini ya jabali jekundu. Chiriku alibaki kambini.

“Mke mwenzangu,” Bibi alimtania, “leo umemeza ulimi?”

Chiriku alitazama mlimani. Wingu zito lilikuwa limekaa juu ya jabali.

“Mvua ikinyesha lile jabali huangusha mawe,” Bibi akasema, tabasamu likimpotea. “Lakini kwa dhahabu ya jana, nani angewazuia?”

Chiriku alimsogelea Bibi. Akisema, ataaibika. Asiposema…

“Bibi, mchanga ule sikuutoa kule. Niliuchota hapo unapomwagia wako.”

Karai lilimwanguka Bibi mkononi. “Miguu yangu haifiki kule. Yako ndiyo iliyodanganya, yako ndiyo itakayokwenda. Kimbia!”

Chiriku alipanda kwa miguu, kwa mikono, kwa magoti. Matone ya kwanza yakampiga usoni. Vijiwe vikabingirika kumpita. Juu alisikia sururu: ko, ko, ko.

“Baba! Tokeni! Hapo hakuna dhahabu!”

Baba Mdogo alichomoza kichwa shimoni. “Chiriku, nani kakutuma uje kututia nuksi?”

“Nilidanganya! Mchanga niliuchota kambini, kwenye mabaki ya Bibi!”

Sururu zikanyamaza. Baba alimtazama, na Chiriku akaona heri angechapwa. Kisha Baba akaruka nje. Baba Mdogo naye akatoka, halafu akageuka.

“Sururu yangu mpya!”

Baba alimkamata ukosi, akamvuta. Wakakimbia. Nyuma yao mlima ulinguruma, na vumbi liliposhuka, shimo halikuonekana tena. Palikuwa na mawe matupu, makubwa kama ng’ombe waliolala.

Kambini Baba alikaa chini. Chiriku alipiga magoti mbele yake. “Nisamehe, Baba.”

“Ungenyamaza kidogo tu, mwanangu,” alisema Baba. “Kidogo tu.” Akamshika kichwa.

Bibi akamalizia. “Njia ya mwongo ni fupi, mjukuu wangu. Ndiyo maana hukufika kwenye jabali! Ulijipunguzia kazi, na wenzako nusura wailipie kwa roho zao. Ukikosea, sema upesi, kabla mawe hayajasema.”

“Nimesikia, Bibi.”

“Vizuri. Sasa, kumbe macho yangu yanamwaga dhahabu.” Akamsukumia karai. “Mchanga wote wa nyuma ya kambi utauosha upya wewe. Na uimbe, nijue hujalala kivulini.”