Uji wa Soya na Vidonge vya Isihaka

Kila alasiri ya Ramadhani, Ruwaida alibandika sufuria la uji wa soya nje ya nyumba yake, Uyole. Majirani walikuja na chupa zao za chai kununua uji wa futari; wengine waliunywa hapo hapo magharibi, kwa vikombe vyake. Ndani, mumewe Isihaka alishona kanzu za Idi. Ruwaida alisikia cherehani ikilia, akamshukuru Mungu. Mwaka uliopita Isihaka aliugua sonona. Kwa miezi mitano hakushona, wala hakutaka kuona mtu. Vidonge vya kliniki ndivyo vilivyomwinua.

Kabla ya mfungo, Jailos, bwana shamba, aliwafundisha wauza uji kuhusu soya. Alisema ina vitu vya asili viitwavyo poliamini, na kwamba watafiti wanachunguza kazi yake kwenye ubongo. Ruwaida alirudi nyumbani mbio.

"Baba Naima, dawa yako naipika mwenyewe! Kidonge cha asubuhi kitakufunguza. Wewe kunywa uji jioni, basi."

"Haya, daktari wangu wa sufuria," Isihaka alicheka. Akaacha vidonge.

Siku ya kumi na mbili ya mfungo, Isihaka alikaa tu, ameshika kanzu isiyo na mikono. Futari ilipoa mbele yake. Ruwaida aliswali akilia. Kisha akamfuata jirani yake Evarista, nesi wa kliniki.

Evarista alimsikiliza mpaka mwisho.

"Mama Naima, wateja wakishakunywa uji, vikombe unavifanyaje?"

"Navikusanya."

"Ubongo nao hukusanya. Seli moja hutoa kemikali kupeleka ujumbe kwa seli jirani. Ujumbe ukifika, kemikali ile inarudishwa ndani. Vidonge vya shemeji hupunguza kasi ya kuirudisha, ujumbe upate nafasi."

"Na poliamini?"

"Hata mwili wetu unazitengeneza. Kwenye maabara imeonekana zinaweza kubadilisha ukusanyaji huo. Lakini hakuna aliyethibitisha kwamba uji wa soya unatibu sonona. Uji ni chakula kizuri, dada yangu. Si kidonge."

"Kwa hiyo mume wangu asifunge?"

"Nani kasema? Kidonge chake ni kimoja kwa siku. Daktari anaweza kumpangia akimeze baada ya futari. Mngeuliza tu! Ila asianze tena vidonge mwenyewe. Kesho twende wote."

Kesho yake daktari alimwanzishia dawa upya, ameze kila jioni. Nafuu haikuja haraka. Kanzu zilizobaki zilimaliziwa na fundi wa Mbalizi, na siku ya Idi Isihaka alisema maneno machache sana. Ruwaida hakukata tamaa. Kila jioni alimpa maji na kidonge, akaomba dua, akangoja.

Ijumaa moja, mwezi mmoja baada ya Idi, sauti ya Isihaka ilisikika kutoka mlangoni:

"Mama Naima! Ongeza sahani, nimeleta wageni watatu kutoka msikitini!"

"Watatu? Na wali wenyewe huu wa watu wawili!"

"Basi wewe na mimi tutakula harufu!"

Wageni walicheka. Ruwaida alisema alhamdulillahi, akaenda kuosha mchele mwingine.